Sura ya Nne: Nimpeleke kwa Nani?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini. Shangazi amemwona mpwa wake hatoki chumbani, hali, haogi, simu hapokei. Ameshamwombea, ameshamkaripia, ameshamchemshia supu ya kongoro. Sasa anamvuta pembeni mtu anayedhani amesoma kidogo na kumwuliza: "Hivi huyu nimpeleke kwa mwanasaikolojia au kwa daktari wa akili? Na kwani si kitu kimoja?"

Si kitu kimoja. Ila mara nyingi anayeuliza huwa tayari ana jibu lake: mwanasaikolojia ni wa watu wenye mawazo, daktari wa akili ni wa vichaa. Jibu hilo utalisikia Mwenge, utalisikia Kinondoni, utalisikia Temeke, na limewaumiza wengi. Limemfanya mtu mwenye sonona kali, yaani huzuni nzito isiyoondoka inayomnyima usingizi, hamu ya kula na hata hamu ya kuishi, akatae kukanyaga hospitali kwa kuwa "mimi si chizi". Limemfanya mwingine, mwenye hofu inayotibika kwa mazungumzo, azunguke maduka ya dawa akitafuta kidonge.

Tofauti ya wataalamu hawa haipimwi kwa ukubwa wa ugonjwa. Iko kwenye walichosomea, na kwa hiyo iko kwenye wanachoweza kukufanyia ukishaketi mbele yao.

## Njia mbili za shule

Daktari bingwa wa afya ya akili ni daktari kwanza. Amesoma udaktari wa binadamu miaka 5, akafanya kazi hospitalini mwaka 1 chini ya usimamizi, na katika mwaka huo alizalisha akina mama, alishona majeraha, alitibu watoto wa kuharisha. Baada ya hapo ndipo aliporudi darasani, kwa mfano Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, akasoma miaka mingine 3 juu ya magonjwa ya akili peke yake. Amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika kama daktari mwingine yeyote. Anaweza kuagiza damu ipimwe, kukuandikia dawa, kukulaza wodini.

Mwanasaikolojia hakupita wodi ya wazazi. Yeye amesomea saikolojia, elimu ya namna binadamu anavyofikiri, anavyokumbuka, anavyoogopa, anavyojifunza na anavyoishi na wenzake. Elimu hiyo kama somo la kujitegemea si ya kale sana; wengi huihesabu tangu mwaka 1879, pale Wilhelm Wundt alipofungua maabara yake katika mji wa Leipzig, Ujerumani. Hapa kwetu inafundishwa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwendo mfupi tu kutoka kituo cha Mwenge.

Hapo kuna jambo ambalo wasomaji wengi hawalijui. Si kila mwenye shahada ya saikolojia anatibu watu. Wako wanaofanya kazi mashuleni, wanaosaidia kampuni kuajiri, wanaotafiti tu. Anayetibu huitwa mwanasaikolojia tiba, na ili afike hapo huongeza shahada ya pili yenye mafunzo ya kukaa na wagonjwa halisi chini ya msimamizi. Muhimbili inatoa mafunzo hayo, tena katika idara ileile inayowafunza madaktari bingwa wa akili. Wanasoma mlango kwa mlango, wanakunywa chai pamoja, wanajadili wagonjwa walewale. Ugomvi wa "nani bora" tumeuzua sisi wa nje.

Dawa, kwa Tanzania, huandikwa na upande wa daktari. Mwanasaikolojia akikuandikia vidonge, shukuru, ondoka.

## Kwa nini damu ipimwe kwanza

Mafunzo yote yale ya kushona majeraha yana faida gani kwa mtu anayesikia sauti? Tuanze na msemo ambao kila mkazi wa Dar es Salaam anaujua: malaria imempanda kichwani. Mtu mwenye malaria kali huweza kuropoka, kuona watu wasiokuwepo, kupigana na wanaomshika. Ukimpeleka kwa mtu wa kuzungumza naye, atakufa akizungumza. Homa ya uti wa mgongo hufanya hivyohivyo. Sukari ikishuka sana kwa mgonjwa wa kisukari, hutukana kama mlevi. Kaswende iliyokaa mwilini miaka mingi bila kutibiwa huweza kufika kwenye ubongo na kumbadilisha mtu tabia hata mkewe asimtambue. Tezi ya shingoni ikifanya kazi kupita kiasi humfanya mtu awe na wasiwasi, atetemeke, akonde. Ikilegea humfanya mzito, msahaulifu, mwenye huzuni. Hata dawa nyingine zinaweza kuleta hali hiyo: efavirenzi, dawa ya kufubaza virusi vya UKIMWI iliyotumika sana miaka iliyopita, iliwaletea baadhi ya watumiaji ndoto za kutisha na kizunguzungu, na wapo waliodhani wamelogwa.

Mabadiliko yakija ghafla, kwa siku chache, hasa kwa mtu mwenye homa, kwa mzee, au kwa mama aliyejifungua majuzi, mwili ndio wa kuchunguzwa kwanza. Hapo usitafute mwanasaikolojia. Tafuta hospitali, na haraka.

Upo pia ugonjwa ambao mazungumzo peke yake huwa hayauwezi. Tuseme ni mchongaji pale Mwenge Vinyago, mtu mpole, mwenye familia. Wiki hii halali. Saa nane za usiku yuko macho, anachonga, anaimba. Anasema haraka mpaka maneno yanagongana. Amekopa pesa anunue magogo ya mpingo ya kujaza banda zima, maana amepata ufunuo kwamba rais wa nchi fulani atakuja kununua vinyago vyote. Wateja wakifika anawagawia bure. Ukimwambia apumzike anakuona adui. Miezi sita iliyopita mtu huyuhuyu alikuwa amelala kitandani wiki tatu bila nguvu ya kunyanyua patasi.

Madaktari huiita hali hiyo baipola: hisia zinazopanda hadi kichaa cha furaha na kushuka hadi shimoni. Akiwa juu vile hana masikio ya ushauri, na mwanasaikolojia mwenye akili timamu hatajaribu kumpa. Anahitaji dawa ya kumtuliza, pengine kulazwa. Lithiamu, chumvi ambayo daktari John Cade wa Australia aligundua mwaka 1949 kwamba hutuliza wagonjwa wa namna hii, bado hutumika duniani. Hapa nyumbani daktari anaweza kutumia pia karbamazepini au sodiamu valproeti, dawa ambazo wengine wanazijua kama dawa za kifafa. Akikataa kulazwa ilhali hali ni ya hatari, kuna utaratibu uliowekwa na Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008, na utaratibu huo hauhusu kumfunga mtu kamba kwenye bajaji.

Lakini tazama kinachofuata. Mwezi mmoja baadaye fundi wetu ametulia. Analala. Na sasa anaona: deni la mpingo, vinyago vya jirani alivyovigawa, mke aliyerudi kwao, wenzake wanaomcheka. Hakuna kidonge cha aibu. Hapo mwanasaikolojia anaanza kazi: kumsaidia azijue dalili za mwanzo za kupanda (kwake pengine ni kulala kwa muda wa saa tatu tu badala ya saba), aweke na mkewe makubaliano ya nani atashika pesa dalili zikitokea, aweze kurudi bandani bila kuficha uso. Mgonjwa mmoja, wataalamu wawili, nyakati mbili tofauti.

## Daladala ya kwenda Posta

Sasa upande wa pili, ambao kwa maoni yangu ndio hauheshimiwi ipasavyo hapa mjini.

Tuseme ni mwanafunzi wa mwaka wa pili. Asubuhi moja amebanwa kwenye daladala, jua kali, kondakta anapiga bati, foleni haisogei. Ghafla moyo unaanza kwenda mbio. Pumzi inakatika. Vidole vinakufa ganzi. Anajua kabisa, kwa uhakika wote, kwamba anakufa. Anashuka akilia. Baada ya robo saa hali inapita.

Anakwenda kupimwa. Mtu wa kwanza anamwambia ni presha. Wa pili, vidonda vya tumbo. Wa tatu anampa dawa za taifodi, maana Dar es Salaam mgonjwa hatoki maabara bila taifodi au yutiai. Anapimwa moyo kwa mashine, moyo mzima. Mama yake anaanza kutaja jina la jirani fulani mwenye husuda. Yeye mwenyewe anaacha kupanda daladala, kisha anaacha kwenda madukani, kisha anaacha kwenda darasani.

Hili ni shambulio la hofu. Mwili umewasha kengele ya hatari pasipo hatari yoyote. Na kinachomfunga siyo tena lile shambulio la kwanza. Anachoogopa sasa ni lije lingine.

Mwanasaikolojia tiba anayemwona mwanafunzi huyu hamwambii "jikaze" wala "mwamini Mungu", ingawa huenda yeye mwenyewe anamwamini. Anamwuliza maswali mengi, tena ya ajabu. Ulipohisi moyo unakwenda mbio, ulijiambia nini? Nilijiambia nakufa. Ulipojiambia hivyo, moyo ulifanyaje? Ulizidi. Basi hebu simama hapa, pumua harakaharaka kwa dakika moja. Mwanafunzi anapumua, na vidole vinaanza kufa ganzi palepale ofisini, bila daladala, bila jirani mwenye husuda. Anashtuka, kisha anacheka. Ameona kwa macho yake kwamba ganzi ile huletwa na pumzi.

Baada ya hapo inakuja kazi ya nyumbani. Wanaandika pamoja ngazi ya hofu, kutoka jambo dogo hadi kubwa. Wiki ya kwanza: nenda kituoni Mwenge, simama, tazama daladala zikiondoka, rudi. Kisha panda isiyojaa, shuka Makumbusho. Ukihisi moyo unaanza, usishuke. Kaa, hesabu pumzi, subiri ushuke wenyewe, kwa sababu hushuka. Kisha fika Morocco. Kisha panda saa moja asubuhi, imejaa, na ufike mpaka Posta. Kila safari anaandika: nilidhani nini kitatokea, kimetokea nini? Daftari linajaa vifo ambavyo havikutokea.

Njia hii hulenga fikra na matendo kwa pamoja, na mara nyingi huchukua wiki kadhaa, pengine miezi, si miaka. Imepimwa kwa utafiti kama dawa zinavyopimwa, na kwa hofu za aina hii husaidia sawa na vidonge, na faida yake huelekea kubaki baada ya matibabu kwisha. Aliyeweka msingi wake miaka ya 1960, Mmarekani Aaron Beck, alikuwa daktari wa akili. Nalitaja hilo kwa makusudi, ili msomaji asiende na dhana kwamba madaktari ni watu wa vidonge tu.

Wapo wanaopenda kusema kwamba daktari ni fundi wa simu yenyewe na mwanasaikolojia ni fundi wa programu. Mfano huo unapendeza redioni, ila unapotosha. Mwanafunzi wetu ametibiwa kwa maneno na daftari, na kilichopona ni pamoja na mapigo ya moyo, pumzi na usingizi. Mtu mwenye sonona anameza kidonge, na baada ya wiki chache anaanza kufikiri kwamba pengine watoto wake wanamhitaji.

Mwanasaikolojia ana kazi nyingine ambayo daktari mara nyingi humwachia: kupima kwa maswali na mazoezi yaliyopangwa. Mtoto wa darasa la tatu hajui kusoma, mwalimu anasema mvivu, baba anasema mkaidi. Upimaji mzuri unaweza kuonyesha kwamba akili yake iko sawa ila herufi zinamgomea, au kwamba hasikii vizuri na hakuna aliyegundua. Fimbo ngapi zingeepukwa!

*Kwa kifupi mpaka hapa:* daktari bingwa wa akili huchunguza mwili na ubongo, hutoa jina la ugonjwa, huandika dawa na kulaza. Mwanasaikolojia tiba hutibu kwa mazungumzo yenye mpangilio na kwa mazoezi, na hupima uwezo na tabia. Wote wawili husikiliza, na wote wawili wanapaswa kutunza siri.

## Hofu ya kidonge

Sababu kubwa ya watu kumkimbia daktari wa akili na kumkimbilia mwanasaikolojia ni dawa. "Ukishaanza hutoki." "Zitamfanya zezeta." Tusiwacheke, hofu hiyo ina historia.

Kabla ya mwaka 1952, ambapo Wafaransa walianza kutumia klopromazini kwa wagonjwa wa akili, dunia nzima haikuwa na dawa ya kweli ya skizofrenia, ugonjwa unaomfanya mtu asikie sauti na kuamini mambo yasiyokuwepo. Kulikuwa na kuta na minyororo. Hapa kwetu wamisionari wa Kijerumani walijenga kituo cha Lutindi, juu ya milima ya Usambara huko Korogwe, mwaka 1896 kwa ajili ya watoto waliokombolewa utumwani, na miaka michache baadaye wakaanza kupokea wagonjwa wa akili. Waingereza wakaja na hospitali ya Mirembe, Dodoma, katika miaka ya 1920. Jina la Mirembe likageuka tusi la mitaani. Jirani yake ni Isanga, wanakopelekwa watuhumiwa pale mahakama inapotaka kujua kama mtu alikuwa na akili timamu alipotenda kosa. Mtu aliyekulia kwenye masimulizi hayo akisikia "daktari wa akili", anaona geti linafungwa.

Dawa za mwanzo nazo zilikuwa na adha zake, na nyingine bado tunazo kwa sababu ni za bei nafuu. Haloperidoli huweza kumkakamaza mtu shingo, kumtoa mate, kumfanya atembee kama roboti. Ndugu wakiona hivyo wanatupa dawa chooni. Jambo la kufanya ni kurudi kwa daktari, kwa kuwa kukakamaa huko kunatibika: dozi hupunguzwa, au huongezwa dawa ya kulegeza misuli, au hubadilishwa dawa yenyewe. Kwa wanaosahau vidonge ipo sindano inayokaa mwilini wiki kadhaa, ambayo wagonjwa wengi huiita tu sindano ya mwezi.

Na si kila dawa ni ya maisha. Dawa za sonona, kama amitriptilini au fluoksetini, huchukua wiki mbili hadi nne kuanza kuonyesha nguvu, na hapo ndipo wengi hukata tamaa na kuziacha. Kwa aliyeugua mara ya kwanza, baada ya kupata nafuu huendelea nazo miezi kama sita au zaidi, kisha daktari huzipunguza polepole. Hazilevyi. Zinazolevya ni zile za kulaza usingizi za jamii ya diazepamu, ambazo, kwa mzaha wa dunia, ndizo watu hununua dukani bila cheti wala woga.

## Wachache mno

Yote haya yangekuwa rahisi kama wataalamu wangekuwepo. Sensa ya mwaka 2022 ilituhesabu Watanzania zaidi ya milioni 61. Madaktari bingwa wa afya ya akili wanahesabika kwa makumi, na sehemu kubwa yao wako Dar es Salaam, Dodoma na miji mingine michache. Wanasaikolojia tiba nao ni haba. Anayekaa Mwenge ana bahati ambayo mtu wa Newala hana: hospitali ya Mwananyamala iko karibu, ya Muhimbili ni safari ya daladala.

Kwa hiyo yule unayemkuta kwenye kliniki ya afya ya akili mara nyingi si mmoja wa wawili tuliowaeleza. Pengine ni tabibu, au muuguzi aliyesomea afya ya akili, na usidharau: wauguzi hawa ndio wamebeba huduma hii mabegani kwa miongo mingi. Ni wao wanaomjua mgonjwa kwa jina na kwa jina la mama yake. Pembeni yao yuko ofisa ustawi wa jamii, wa aina wanaofunzwa pale Taasisi ya Ustawi wa Jamii, Kijitonyama, ambaye kazi yake ni nyumba, ugomvi wa kifamilia, mtoto aliyetelekezwa, na karatasi za msamaha wa gharama. Msamaha huo upo. Ugonjwa wa akili umo katika magonjwa sugu ambayo sera inataka yatibiwe bila malipo katika hospitali za umma, ingawa dawa zikiisha dirishani ndugu hutumwa kununua nje.

Ukitaka kuona wote hao wakifanya kazi pamoja, angalia kliniki ya methadoni. Muhimbili ilianza kutoa methadoni mwezi Februari 2011 kwa watu waliozoea heroini, wale ambao mtaani tunawaita mateja. Baadaye huduma ikafika Mwananyamala na Temeke. Mtu anakuja kila siku, anakunywa dozi yake mbele ya mtoa huduma. Daktari anapanga kiasi. Lakini dozi inachukua dakika mbili, na siku ina saa 24 za kupita kijiweni palepale alipokuwa akivuta, na marafiki walewale. Saa hizo ndizo za mshauri, mwanasaikolojia na ofisa ustawi.

Halafu kuna mlango ambao wengi huugonga kabla ya yote haya. Utafiti mmoja uliofanywa mijini Tanzania na kuchapishwa mwaka 2003 uliwapima watu waliokwenda vituo vya afya na waliokwenda kwa waganga wa jadi. Kati ya waliokuwa vituoni, 24 katika kila 100 walikuwa na sonona, wasiwasi au matatizo ya jamii hiyo. Kwa waganga, walikuwa 48. Karibu nusu ya foleni ya mganga! Mganga ana muda, anauliza habari za ukoo, hamwambii mtu "huna kitu". Hospitali zetu zingejifunza hilo. Lakini mganga hawezi kuona malaria kwenye damu, na anayemfunga mgonjwa mnyororo au kumnyima chakula amfukuze shetani anatenda ukatili, hata awe na cheti cha baraza lake ukutani.

Mwaka 2006 huko Harare, daktari wa akili Dixon Chibanda alikutana na uhaba huuhuu, akawafundisha bibi wa mitaani kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasaidia watu kutatua tatizo moja baada ya jingine. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha wagonjwa wao walipata nafuu zaidi kuliko waliopata huduma ya kawaida. Zanzibar nayo imeuchukua mpango huo. Ningependa kuona benchi kama hilo Mwananyamala.

## Wenye vibao

Uhaba huzaa biashara. Siku hizi vibao vya "mshauri wa kisaikolojia" vimeota kama uyoga, na mitandaoni kila mwenye kipaza sauti ni mtaalamu wa mahusiano. Wako washauri nasaha wazuri, waliosoma ushauri na wanaojua mipaka yao. Kwa mtu aliyefiwa, aliyeachika au aliyefukuzwa kazi, huyo anaweza kutosha kabisa. Mhamasishaji wa ukumbini ni mtu mwingine. Kumwambia mwenye sonona aamke saa kumi na moja na "abadili mtazamo" ni kumwongezea mzigo wa kushindwa.

Kenya ilitunga sheria ya washauri na wanasaikolojia mwaka 2014 ili kuwasajili. Popote ulipo, kabla hujalipa, uliza:

- Umesoma nini, chuo gani, hadi ngazi gani?
- Nani anakusimamia, au umesajiliwa wapi?
- Nikihitaji dawa, utanipeleka kwa daktari yupi?
- Unadhani tutahitaji vikao vingapi, na tutajuaje kwamba napona?

Swali la tatu ndilo la kuangalia zaidi. Mtu asiyekuwa na daktari wa kumpelekea wagonjwa, au anayesema "kwangu haijawahi kufika huko", muage kwa heshima.

## Asubuhi ya kwenda

Ikiwa mtu anazungumzia kujiua, anasikia sauti zinazomwamuru, halali kwa siku kadhaa huku nguvu zikimzidi, amekataa chakula na maji, au amebadilika ghafla akiwa na homa, nenda hospitali leo, usisubiri miadi ya mtu. Usimwache peke yake njiani. Familia nyingi huficha jaribio la kujiua kwa kuogopa polisi, kwani Kanuni ya Adhabu, urithi wa mkoloni, imekuwa ikilihesabu kuwa kosa la jinai. Mahakama Kuu ya Kenya ilibatilisha kifungu kama hicho Januari 2025. Woga huo unaeleweka, ila mgonjwa aliyemeza sumu hana muda wa kusubiri mjadala wa sheria; mfikishe.

Ikiwa ni hofu, huzuni inayovumilika, mtoto anayeshindwa shuleni, au kumbukumbu mbaya isiyotoka, unaweza kuanza kwa mwanasaikolojia tiba. Atakapoona tatizo liko nje ya uwezo wake atakuandikia barua ya rufaa.

Na ukiwa hujui kabisa, kama shangazi wa mwanzo wa sura hii, anza hospitalini. Mpwa haogi, hali, hapokei simu: hiyo inaweza kuwa sonona, inaweza kuwa mwanzo wa skizofrenia, inaweza kuwa dawa za kulevya, inaweza kuwa tezi. Uliza mapokezi kliniki ya afya ya akili iko jengo gani na hufanyika siku zipi. Beba dawa zote anazotumia, pamoja na za mitishamba, na useme ukweli kuzihusu. Mtangulize yeye aeleze, kisha uombe dakika tano za kueleza ulichokiona wewe: tangu lini, analala saa ngapi, anakula nini, kuna ndugu aliyewahi kuugua hivyo, anavuta au anakunywa nini. Kabla ya kutoka, muulize anayekuhudumia jina la ugonjwa anaoushuku, dawa itaanza kufanya kazi lini, na nani mwingine humo ndani anaweza kuzungumza na kijana wako wiki ijayo.